Moshi wa Chuma na Moyo wa Mume Wangu

Mume wangu hakuwahi kuvuta sigara. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kila daktari aliyempima aliuliza hilo kwanza, na kila alipojibu hapana, waligeuka kunitazama mimi nithibitishe.

Alikuwa mtu wa Ujiji. Kazi ya kiwanda cha nguo ndiyo iliyomleta Morogoro akiwa kijana, na pale kiwandani alikuwa fundi wa mitambo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa milimani, huko juu ya Mkuyuni, ambako ukoo wa mama yangu una mashamba ya migomba kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona huuliza watu wanalimaje bila kuanguka. Alipokuja kujitambulisha kwetu alipanda na mfuko wa sukari begani na hakupumzika njiani. Mjomba wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alimtazama akifika bila hata kuhema, akasema, "Huyu mmemtoa wapi? Ana mapafu ya mbuzi." Watu wakacheka, na posa ikapokelewa.

Tuliishi vizuri kwa miaka ile ambayo kiwanda kilikuwa na kelele. Kisha kelele zikaanza kupungua. Mara vipuri hakuna, mara pamba hakuna, mara umeme umekatwa. Sokoni mitumba ilikuwa imejaa hadi barabarani, na hata sisi tuliokula mshahara wa vitambaa tulivaa mitumba, kwa sababu ilikuwa rahisi na ilikuwa mizuri. Baadaye wakaja watu wenye tai kutembezwa ndani ya kiwanda, na neno kubinafsisha likaanza kusemwa hata na wauza karanga. Mume wangu alipunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwa la kawaida, akavua buti zake, akaziweka nje ya mlango kama kawaida yake, akasema, "Basi."

Alikuwa na rafiki mmoja aliyefanya naye kazi bega kwa bega tangu ujana, Mpogoro wa Mahenge, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Wawili hao waliunganisha mafao yao wakanunua mashine ya kuchomelea. Wakapata kiwanja kidogo Msamvu, pembeni ya barabara kuu, wakajenga banda la mabati. Upande wa barabarani waliuacha wazi, pande nyingine wakaziziba kabisa, kwa ajili ya upepo na kwa ajili ya wezi.

Na wezi ndio waliowapa kazi. Zamani nyumba zetu zilikuwa na madirisha ya mbao na wavu wa mbu. Lakini sasa watu walianza kununua televisheni, redio kubwa, majokofu. Vitu vilivyokuwa havipatikani hata kwa mtu mwenye fedha sasa vilipangwa dukani. Aliyenunua televisheni leo, kesho alitaka grili madirishani na wiki inayofuata alitaka geti. Mume wangu na mwenzake walichomelea kuanzia asubuhi hadi magharibi. Mwenzake alikuwa akisema kwamba kiwanda kiliwafunga macho miaka yote, kwamba laiti wangejua wangetoka mapema. Mume wangu alicheka tu. Lakini na yeye alikuwa na furaha, nakumbuka. Alirudi amechoka, mwenye njaa, akiwa na habari za wateja.

Nilikuwa nikipita pale nikitoka shule. Moshi wa kuchomelea si kama moshi wa kuni. Wa kuni unakuwasha macho, unakukohoza, unakufukuza. Ule ulikuwa mwembamba, wa rangi ya buluu hafifu, ukipanda taratibu usoni kwake alipoinama, halafu unakaa chini ya bati bila haraka ya kwenda popote. Nyuma yake yalikuwa yakipita malori ya mahindi yanayotoka Gairo, na mabasi ya Iringa na Dodoma, na masizi yao yalitua juu ya kila kitu. Nilipofua shati lake maji yalikuwa meusi. Alipopenga kamasi, nazo zilikuwa nyeusi.

"Afadhali zikiwa nyeusi," alisema. "Maana yake uchafu unatoka."

Siku walizochomelea mabomba yaliyopakwa zinki, jioni alipata homa na kutetemeka, na mdomo wake ulikuwa na ladha kama amenyonya sarafu. Asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Mafundi wote wa Msamvu waliijua homa hiyo, na wote waliamini dawa yake ni maziwa. Maziwa, walisema, yanaosha kifua. Kwa hiyo nilimpelekea maziwa kwenye chupa ya chai, nikiamini kwamba ninatimiza wajibu wangu wote.

Mwenzake alikufa asubuhi moja kazini. Alikuwa amelalamika kwa muda kwamba mkono wa kushoto unamuuma, na wote waliona ni kwa sababu ya nyundo. Asubuhi hiyo alikaa juu ya rundo la nondo akaomba maji. Mume wangu akaenda kuchota kwa jirani. Aliporudi na kikombe, rafiki yake alikuwa ameegemea ukuta wa bati, macho wazi. Hospitali walisema moyo umesimama.

Nilikuwepo kwenye tanga. Ndugu walikuja kutoka Mahenge, na kaka yake mkubwa, mtu mzima mwenye sauti ya chini, ndiye aliyesema. Aliyasema mbele ya watu, mume wangu akiwa amekaa mkekani na wanaume wengine.

"Moyo wa mtu mwenye nguvu hausimami bure. Walikuwa wawili, biashara imenawiri, amebaki mmoja. Sisi si watoto wadogo. Tunaelewa."

Nilimtazama mume wangu nikisubiri aseme neno. Alikuwa ameshika kofia yake mikononi, akiitazama. Niliona watu waliokaa karibu naye wakisogea kidogo kidogo, mpaka pakawa na nafasi kila upande wake.

Maneno hayo yalienea haraka kuliko biashara ilivyoenea. Kwamba amemtoa rafiki yake kafara. Kwamba ameipeleka mashine kwa mganga. Mjane, ambaye nilikuwa nikikaa naye kusukana nywele tangu enzi za nyumba za kiwanda, aliacha kuitikia salamu yangu. Mume wangu aliendelea kumpelekea fedha za sehemu ya mwenzake kutokana na kazi zile walizoanza pamoja. Mwanzoni alizipokea kupitia dirishani. Baadaye akazirudisha kwa mtu mwingine, na ujumbe kwamba asiletewe tena fedha yenye damu.

Siku hiyo ndiyo pekee niliyomwona akilia. Alikaa uani, amenipa mgongo. Akasema, "Mimi nilikwenda kumletea maji tu."

Hakuacha kazi. Nilitamani aache, kwa sababu ya maneno ya watu, wala si kwa sababu ya moshi. Moshi haukuwa umenijia kichwani. Alisema akifunga banda sasa watasema amekimbia dhambi yake. Akaendelea peke yake, katika kona ileile, akichomelea magrili ya watu waliokuwa wakimnong'ona wakishageuka.

Miaka ikapita. Ugonjwa wake haukuja kwa kishindo. Kwanza aliacha kubeba ndoo, akaninunulia toroli. Kisha akaanza kusimama katikati ya safari ya kwenda msikitini, akijifanya anamsubiri mtu. Sikuelewa hali ilikuwa imefika wapi mpaka mama yangu alipofariki.

Tulishuka kwenye gari Mkuyuni tukaanza kupanda mlima. Njia ya kwetu inaanza kwa upole halafu inageuka kuwa ngazi za udongo na mizizi. Tulipofika kijito cha kwanza alikaa kwenye jiwe. Jasho lilikuwa likimtiririka ingawa kulikuwa na baridi ya ukungu. Wanawake wenye mizigo ya kuni kichwani walitupita, wakatusalimu, wakaendelea. Nikamwambia tupumzike, hatuna haraka. Akasimama, akapanda kidogo, akakaa tena. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Mjomba alipopata habari aliwatuma vijana waje kumbeba kwa machela. Alikataa.

"Sibebwi kwenda kumzika mkwe wangu," alisema. "Nenda wewe. Watakuwa wanakusubiri."

Nilikwenda. Nilimzika mama yangu huku nikitazama njia kila mara. Nilipomrudia jioni nilimkuta ameshuka mpaka barabarani, amekaa kwenye kibaraza cha duka. Aliniambia, "Nimeshindwa kumzika mama." Aliirudia sentensi hiyo mara nyingi katika wiki zilizofuata, wakati mwingine katikati ya chakula.

Hospitali tulimkuta daktari kijana, mpole, aliyemwamkia shikamoo kabla ya kumpima. Alimsikiliza kifua muda mrefu.

"Mzee, unavuta sigara?"

"Hapana."

Akanitazama. Nikasema, "Hajawahi, daktari."

"Pombe?"

"Hapana."

Walimpiga picha, wakampima na mashine ya moyo. Moyo ulikuwa umepanuka, daktari alisema, umechoka kusukuma damu, na mishipa haikuwa mizuri. Akaandika dawa za presha na za kutoa maji mwilini. Alitaka aache kazi nzito. Hapo ndipo nilipouliza, sijui kwa nini, pengine kwa sababu shati lake lilikuwa linanuka chuma mle chumbani.

"Na ule moshi wa kuchomelea?"

Daktari alifikiri. Hakunipuuza. "Moshi huathiri mapafu, mama," alisema. "Na mapafu yake si mabaya sana. Tatizo lake liko kwenye moyo."

Tuliridhika na jibu hilo. Lilikuwa na mantiki. Moshi unaingia kifuani kwa njia ya pumzi, moyo una njia zake. Simlaumu daktari yule. Alitupa alichokuwa nacho. Mume wangu alitoka pale akiwa na uhakika kwamba moshi hauna neno, alimradi asinyanyue vitu vizito. Akanunua kigoda, akawa anachomelea amekaa. Akiwa amekaa, uso wake ulikuwa karibu zaidi na moto.

Nilimwambia twende milimani. Mjomba alikuwa ameahidi kutupa mahali pa kujenga, kwenye ardhi ya ukoo, juu kabisa, ambako hakuna gari wala mashine na asubuhi mawingu yanaingia mpaka jikoni.

"Kule nitakuwa mgeni wa mjomba wako mpaka nife," alisema.

"Na hapa?"

"Hapa ni fundi."

Mtu aliyepoteza kiwanda, rafiki na jina lake zuri, alikuwa amebakiwa na neno hilo moja. Niliendelea kumpelekea maziwa.

Miguu ilipoanza kuvimba aliacha buti akavaa kandambili. Ilipovimba zaidi hakuweza kulala chali. Alilala akiwa amekaa, mito imemzunguka, na aliposinzia kichwa kikaanguka mbele alishtuka kama mtu anayezama. Ndugu wa mwenzake walipata habari. Watu wenye kupenda kufikisha maneno walinifikishia kwamba kule wanasema damu ya mtu hailali. Sikumwambia. Lakini alikuwa ameshasikia, maana siku moja aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya mchele, "Unadhani inawezekana nilimfanya kitu bila kujua?"

Nilimwambia aache upuuzi. Leo nalifikiria swali hilo tofauti. Walipumua kitu kimoja, katika banda moja. Alikuwa analikaribia jibu kuliko sisi sote, ila alilitafuta ndani ya nafsi yake.

Alipokubali kwenda milimani, hakuweza tena kupanda hata mwinuko wa pale nyumbani. Niliomba uhamisho nikapata shule ya Mkuyuni, tukapanga chumba kando ya barabara ya Matombo. Mpango ulikuwa apate nguvu pale chini, katika hewa nzuri, kisha tupande polepole. Tulipohamia ndipo tulipogundua kwamba nyuma ya chumba kulikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli. Ilianza kuunguruma asubuhi, na bomba lake la moshi lilikuwa limeelekezwa upande wetu. Mwenye mashine alikuwa mtu mwema. Nilipomweleza aliligeuza bomba, na upepo ukaurudisha moshi uleule. Siku za gulio yalikuja malori kuchukua ndizi, yakasimama mbele ya mlango huku injini zinawaka. Kutoka kwenye kiti chake mume wangu aliiona milima yote, kijani mpaka kwenye mawingu, na aliweza kunionyesha kwa kidole mahali ilipo migomba yetu.

"Kule ndiko nilikopanda na sukari," alisema siku moja.

Alifariki siku ya gulio, alasiri, akiwa amekaa kibarazani. Watu walikuwa wakipita na vikapu mbele yake na kumsalimu, na yeyote anaweza kuwa ndiye aliyesalimia bila kuitikiwa. Mjomba alitoa mahali pa kaburi kwenye ardhi ya ukoo bila kuulizwa. Vijana wakambeba kupanda njia ile, wakipokezana jeneza, wakiteleza, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha.

Mjane wa rafiki yake alikuja. Alikuwa amesafiri kutoka mjini na kupanda mlima na viatu vyake mkononi. Alisimama mbali mpaka watu walipoanza kutawanyika, kisha akanijia akanishika mkono.

"Na wako naye," alisema.

Mpaka leo sijui alikuwa ananipa pole au ananiambia haki imetendeka. Aligeuka akashuka.

Nilistaafu, nikarudi mjini kuishi na binti yetu, aliyeolewa huko. Presha ikanipata na mimi, nikawa nahudhuria kliniki. Siku moja daktari mmoja mwanamke alikuwa akizungumza na wagonjwa tuliokuwa kwenye mabenchi, akieleza kuhusu chumvi, mafuta, mazoezi. Halafu akaingia kwenye habari ya hewa. Alisema katika moshi wa magari, wa jenereta, wa kuchomelea vyuma, kuna chembechembe ndogo kupita kiasi, ndogo kuliko vumbi lolote tunaloliona kwenye mwanga wa dirisha. Vumbi kubwa linanasa puani, tunalipenga. Hizo hazinasi. Zinafika mwisho kabisa wa mapafu, na zile ndogo sana huweza kupenya na kuingia kwenye damu. Huko zinaichokoza mishipa mpaka inavimba kwa ndani na kuwa migumu, damu inaganda kwa urahisi, na moyo unavurugika mapigo. Mtu anaweza asikohoe hata kidogo, alisema. Anaweza kuonekana mzima, na siku moja akakaa chini akaomba maji.

Hakujua alichosema. Alitoa mfano tu. Niliinama nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Wengine walipoondoka nilimfuata nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, siwezi kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa. Huenda ni presha peke yake. Lakini kazi ile, katika banda lililozibwa, miaka yote ile, kando ya barabara kuu? Haikuusaidia moyo wake. Wala wa mwenzake."

Nilikwenda kwa mjane. Alikuwa akiishi Kihonda, mzee kama mimi. Alinikaribisha kiti, akaniletea maji, na nikamweleza yote kama nilivyoelezwa, polepole, kama nilivyokuwa nikifundisha darasa la tatu. Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Nilipomaliza aliendelea kuchambua.

"Kwa hiyo ni hewa," alisema.

"Ndiyo, dada. Moshi wa kazi yao."

"Nimemchukia mumeo miaka yote hii. Nimeamka na chuki hiyo, nimelala nayo. Nimewafundisha wanangu kumchukia." Alipuliza makapi. "Sasa unakuja kuniambia nichukie hewa?"

Nilikishika kikombe cha maji, sijakinywa.

"Usinirudie na maneno hayo," alisema, bila ukali. "Kunywa maji."

Nikanywa. Kisha nikamuulizia mwanawe wa kwanza, aliyekuwa mdogo baba yake alipokufa. Akasema yuko kazini, banda lake halipo mbali, ana wateja wengi, ni fundi wa kuchomelea. Alisema kwa fahari, na nilimwona akinitazama haraka baada ya kulisema, kisha akarudisha macho kwenye ungo.

Nilipitia pale nikirudi. Ni mtu mzima sasa, ana watoto, na amefanana na baba yake kwa wembamba na kwa maneno. Banda ni la mabati, upande mmoja wazi. Alizima mashine akaniamkia, akanipa kigoda, nikamwambia aliyoyasema daktari. Yeye aliniamini, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniambia amewahi kusikia habari kama hizo.

"Lakini nikiacha, mama mkubwa, nifanye kazi gani?"

Nilimwambia afungue ukuta wa nyuma, hewa ipite. Akasema nyuma ni kwa mtu, hataki moshi kwake. Nilimnunulia barakoa ile nzito inayouzwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliivaa kwa muda, kisha akaiacha, kwa sababu ya joto na kwa sababu wateja walikuwa hawamsikii anachosema. Hakunificha, aliniomba radhi.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anamalizia geti la msikiti, lenye maua ya chuma na mikunjo mizuri. Nilimuuliza kama anakohoa.

"Sikohoi kabisa," alisema, akajipiga kifuani kwa kiganja. "Kifua changu kizima, mama mkubwa. Usiwe na wasiwasi."

Nilimpongeza kwa geti. Mume wangu naye hakuwa akikohoa.